Kompyuta Iliyokwenda kwa Miguu

Jumatatu saa mbili asubuhi Felista alikuwa ameshafungua sipiyu ya ofisi ya kijiji, skrubu nne kaziweka ndani ya kifuniko cha chupa, anasafisha feni kwa brashi ya kupakia rangi. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuingia hata kwenye tundu la kitasa, walimwagika mezani wakiwa wakavu, kikombe kizima. Aliwazoa kwa gazeti akawatupa dirishani. Kuku wa jirani walikuja mbio.

"Ndio walioipunguzia kasi?" aliuliza Gideoni, mtendaji wa kijiji.

"Tutaona."

Kijiji chenyewe kiko kati ya Ikolo na ziwa. Jina lake tuliache. Miaka miwili nyuma Felista, ambaye ana duka la ufundi Kyela mjini, ndiye aliyewauzia kompyuta ile ya mezani, nayo ikafanya kazi vizuri. Lakini tangu ianze kazi ya kuandikisha mashamba, ilikuwa nzito mno. Mtu angebofya faili asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi na kukuta kiduara bado kinazunguka. Gideoni alikuwa amesema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba fundi kawauzia mkweche wenye prosesa feki. Maneno hayo yalifika mjini kabla ya gari la mchana. Shule moja ilimpigia Felista kumwambia asimamishe kwanza kazi waliyompa, na zahanati nayo ikawa haipokei simu. Ndiyo maana alikuja mwenyewe, bila kuitwa.

Nje, kwenye benchi, alikaa mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili, miguu ina udongo mweupe wa kufinyangia vyungu.

"Mugonile, mama," Felista alimwamkia alipotoka kunawa mikono.

"Ndaga, mwanangu. Imepona?"

"Bado. Nawe una shida gani?"

"Kompyuta inasema nimekufa," alisema yule mama, ambaye jina lake ni Rut. "Nimekuja kuiambia sijafa."

Alikuwa Mkisi, wale wafinyanzi wa upande wa Matema, aliyeolewa huku kwenye mpunga akabaki baada ya mumewe kufariki. Shamba lake la kakao na lile jaruba la mpunga la nyuma ya nyumba vilitakiwa kuandikiwa hati ya kimila kwa jina lake. Shemeji yake, Ezra, alifika ofisini kutoa taarifa kwamba Rut naye ameshafariki, na Gideoni akaandika. Ili kufuta, ilibidi faili lifunguke. Kwa wiki tatu Rut alikuwa akija benchini kila siku tangu ofisi inafunguliwa hadi inafungwa, na faili lake halikuwahi kufunguka. Ijumaa hiyo orodha ilikuwa inakwenda wilayani. Shamba la aliyekufa lingeandikwa kwa ndugu aliyeleta taarifa.

"Lakini mtendaji anakuona hapa," alisema Felista.

"Ananiona. Kila siku tunasalimiana vizuri."

Felista alirudi ndani akaendelea. Aliipaka prosesa dawa mpya ya kupozea, akabadilisha ram, akaweka antivairasi, na mchana akanakili mafaili pembeni, akafuta kila kitu, akasakinisha Windozi upya. Prosesa ilikuwa halisi, namba zake zilisomeka vizuri. Hata hivyo, alipobofya faili la kwanza ilipanda hadi asilimia mia na kubaki huko, ilhali kwenye orodha ya programu hapakuwa na hata moja inayofanya kazi. Alikwenda nyumbani kichwa kikimuuma.

Jumanne alikuja na daftari. Alifungua faili moja moja na kuandika muda. La mwenye duka aliye mkabala na ofisi lilichukua dakika tatu. La mwalimu anayekaa karibu na kanisa, dakika ishirini na tano. La mzee Yohana wa ng'ambo ya mto lilichukua saa mbili na nusu, na lilipofunguka Felista alisikia harufu ya ndizi zilizopikwa na maziwa. Alifungua sipiyu. Feni aliyoisafisha jana ilikuwa na tope bichi la majaruba, na kwenye wavu wake mche mmoja wa mpunga umenasa, wa kijani kabisa.

Aliuchomoa akauweka mezani mbele ya Gideoni.

"Prosesa ni nzima, mtendaji. Ila inakwenda kwa miguu."

Gideoni aliutazama ule mche. "Inakwenda wapi?"

"Kwa wenyewe. Ukiiambia ifungue faili la mtu, inakwenda kwanza kumwona."

"Na wa ng'ambo?"

"Inazungukia darajani. Halafu njiani inasalimiana na watu. Leo kwa mzee Yohana nadhani imekaribishwa chakula."

Gideoni alikubali kwamba kwa njia ile, mwenye kusalimia kila mtu hawezi kufika mapema. "Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani virusi."

Felista alikaa akiitazama skrini. Kisha alitoka hadi kwenye benchi.

"Mama, kwako kuna mtu mchana?"

"Nani? Nakaa peke yangu. Nikija huku nafunga mlango."

"Basi kesho usije. Kaa nyumbani, mlango uwe wazi."

Rut hakupenda. Aliogopa kwamba siku atakayokosa ndiyo siku faili litakapofunguka, na watasema hakuwepo. Felista alimwambia kwamba huko nyumbani ndiko anakosubiriwa. Kwa wiki tatu mashine imekuwa ikimkalia mlangoni hadi ofisi inapozima umeme. Rut alifikiri kidogo, akasema kama ni hivyo basi yeye ndiye mwenye kosa, kwa kumwacha mgeni nje.

Jumatano saa tatu kamili Felista alibofya jina la Rut. Kiduara kilianza kuzunguka. Gideoni alijifanya anasoma barua. Ilipofika saa tano mvua ilinyesha upande wa ziwa, na Felista akahesabu kichwani: hapo itakuwa imejibanza mahali. Saa sita. Saa saba. Saa saba na dakika kumi faili lilifunguka, na palepale pa "marehemu" paliandikwa: *Hai. Amekutwa nyumbani, anafinyanga.*

Felista aliyasoma kwa sauti. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa chenye vumbi la feni, akabaki na mistari usoni. Gideoni alichapa karatasi ya Rut, akaigonga muhuri. Kisha, bila kuombwa, aliandika nyingine: kwamba mashine haina hitilafu yoyote na prosesa ni halali. Naye pia alionekana kama aliyetua mzigo.

"Wale wa shule nitawapigia mwenyewe," alisema. "Unisamehe, fundi. Nilisema haraka."

Wakati wa kuhifadhi faili, Felista aliona orodha nzima. Marehemu walikuwa kumi na saba. Wote wanawake, wote wajane, na wote, Rut akiwemo, walikuwa wamefariki siku moja, Jumamosi.

"Mtendaji, hawa wengine je? Huyu Anyosisye si yule mjane niliyemwona jana anauza nyanya karibu na kanisa?"

"Shemeji zao walileta taarifa. Siku ile walikuja pamoja."

"Basi tuitume. Siku nne, tano hivi, itakuwa imewamaliza."

"Orodha ni Ijumaa," alisema Gideoni kwa upole. "Wilayani hawapokei sababu ya miguu."

Felista alitaka kusema zaidi. Lakini ile karatasi ya kusafisha jina lake ilikuwa mkononi mwake, muhuri bado haujakauka, na simu ya Gideoni kwenda shuleni ilikuwa imeanza kuita.

Kabla ya kurudi mjini alipita kwa Rut. Alimkuta anafagia kibaraza. Rut aliisoma karatasi yake mara mbili, akaiweka ndani ya chungu kikavu, akakifunika.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Leo nitalala."

"Ilikuja, mama?"

"Ilikuja. Nilipisha kiti, nikatoa maji. Ilikunywa yote. Ilikuwa imechoka."

"Ikoje?"

"Sikuichunguza. Mgeni aliyetembea hivyo humkodolei macho."

Alhamisi Gideoni aliazima laptopu ya mpwa wake. Ilifungua orodha yote kwa sekunde mbili, bila kutoka mezani. Rut alikuwa hai, kumi na sita walikuwa marehemu, na Ijumaa orodha ikaondoka hivyo.

Hati zilikuja baada ya mwezi mmoja na kugawiwa kwenye uwanja wa kanisa. Felista alialikwa, akapewa kiti cha mbele. Jina la Rut lilipoitwa, mwenyewe alijibu "Nipo!" kwa sauti iliyowashtua njiwa, akaenda kupokea akicheza. Marehemu kumi na sita, waliokuwa wamekaa pamoja kule nyuma, walimpigia vigelegele kuliko watu wote. Kisha mashemeji wakaitwa, mmoja baada ya mwingine, wakapokea hati za mashamba ya kakao, na kina mama wakapiga makofi ya kiasi, kwa adabu.

Baada ya sala ya kufunga, Felista alimuuliza Gideoni ile mashine ya zamani ameipeleka wapi.

"Ipo ofisini. Hatuigusi, ila imetoka," alisema Gideoni. "Jana ilikuwa kwa Maria, mmoja wa wale kumi na sita."

Anyosisye, aliyekuwa ameshajitwika kapu lake la nyanya, aliwapita akawaaga kwa haraka. Alisema angependa kukaa ale pilau na wenzake, lakini leo ni zamu yake, na hataki ikute mlango umefungwa.