Kikapu cha Kumi na Tatu

Kabati la ngoma kanisani kwetu Nateete hupeleka watu zamani. Msinibishie! Mimi na Reine tuliingia, tukatokea pale Yesu alipolisha watu elfu tano.

Tulikula mkate na samaki tukashiba. Mitume walipoanza kukusanya mabaki, Reine akachomoa kaveera, mfuko wake wa plastiki. Nani Nateete hutoka karamuni mikono mitupu? Tukamimina kikapu kizima, tukakimbilia kabatini.

Nje, Mwalimu Wamalwa alikuwa akiuliza darasa, "Vilibaki vikapu vingapi?"

"Kumi na vitatu!" nikadakia.

"Akech! Biblia inasema kumi na viwili."

"Walihesabu tulipokwisha kuondoka, Mwalimu," Reine akasema, akimpa kipande cha samaki, bado kina moto.