Kisigino Kilichonishitaki

Wiki ile tulipomzika binti yangu, mguu wangu wa kushoto uligoma kunyanyuka. Hospitali wakaniazima kiti cha magurudumu, na hicho ndicho kilichonifikisha chooni, nje, nyuma ya jiko.

Siku ya kliniki nilisindikizwa na mke wa mwanangu. Daktari, mtu mpole, alinilaza akaweka kiganja chini ya kisigino kibovu.

"Bibi, kandamiza." Wapi! "Haya, sasa inua mguu mzima, huu wa kulia." Nikauinua. "Kibovu kimenikandamiza! Hii tunaiita ishara ya Hoover. Mguu una nguvu, ila ubongo umepoteza njia ya kuutuma. Bibi haigizi, huu ni ugonjwa kweli. Mazoezi taratibu, na kiti abaki nacho."

Mkwe wangu alisikia neno moja tu: nguvu.

"Mama yako msanii!" alimwambia mumewe hata viatu hajavua. "Nasukuma kiti, kumbe nasukuma mzima mwenzangu!"

"Daktari alisema siigizi," nikasema.

"Alikuonea haya, mama. Una mvi."

Tangu hapo kila asubuhi akawa anakuja na kiganja chake. "Bibi Huva, inua mzima!" Kisigino kikikandamiza, anacheka, na chai yangu inarudi jikoni. Nikaanza kuuinua mguu mzima kidogo kidogo, ili kibovu kitulie.

"Mwoneni, sasa anaibia mtihani!"

Ukishachukiwa, hata kupumua kwako ni matusi.

Ijumaa mwanangu akakikunja kiti akirudishe.

"Niachie, baba, mpaka niweze kusimama."

"Utasimama, mama. Ukibanwa utasimama."

"Hapo umenena!" mkewe akapiga makofi.

Jioni nikabanwa. Nikaita, wakaongeza sauti ya televisheni. Nikashuka kitandani kwa tumbo, nikajivuta kwa viwiko hadi sebuleni. Mwanangu alikunja miguu yake nipite, macho yakiwa kwenye mpira. Nilifika mlango wa jiko, haja ikanitoka, wajukuu wakitazama.

Mwanangu akaziba pua. "Mama, hata aibu huna?"

Mkwe akanirushia tambara la deki. "Mikono ni mizima, au nayo tuipime?"

Mikono ilikuwa mizima. Nikafuta.