Kuhesabu Saba Gizani

Tk. Tk. Tk. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja jioni, nami nikadhani ni bomba linalovuja. Kumbe ni kaka yangu, ameketi jikoni gizani, anagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko.

"Hesabu, mdogo wangu."

"Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili..."

"Usiishie nne! Wimbo wetu una mapigo saba. Kila mtu anaishia nne, ndiyo maana wanatukimbia."

Nikahesabu hadi saba, kisha tena, na tena. Ilikuwa kama kupanda ngazi yenye kipandio kimoja cha ziada: mguu unashtuka, halafu unazoea. Binti yangu wa miaka minne, niliyempakata, alishazoea zamani. Nilihisi kichwa chake kikicheza kifuani pangu.

Kaka hupiga gitaa la besi. Mchana anashona viti vya magari. Mpiga ngoma wake ni fundi wa kuchomelea, na mwimbaji wao anauza miwani. Wanapiga roki, lakini ile ya giza, ya kujaribujaribu: wimbo mmoja dakika ishirini, besi inatangulia mbele kana kwamba wimbo ni wake, na mwimbaji anaimba silabi zisizo za lugha yoyote. Mara ya mwisho waliingia ukumbini watu arobaini, wakabaki sita, na wawili kati yao walikuwa wamelala. Msimamizi wa ukumbi akasema wakikimbiwa tena, watafute pengine. Na hapo pengine hapakuwepo.

"Wewe ndiye msomi wetu wa masomo ya jioni," kaka akasema. "Jumamosi simama uwaeleze watu kabla hatujaanza. Ila usiwafundishe, tafadhali. Wakaribishe tu."

Siku nne nikaandika na kuchana karatasi. Jumamosi alasiri nikasimama mbele ya watu kama hamsini.

"Muziki huu unatisha kidogo," nikasema, "kama unavyotisha mlango wa chumba usichokijua. Msitafute maneno, hakuna. Humu sauti ya mtu ni ala kama ala nyingine. Msipige makofi ya nne, mtapotea, hesabuni saba. Na mkichoka kuhesabu, mshikeni mkono mpiga besi, atawavusha."

"Ameoa huyo?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

Ukumbi mzima ukacheka. Kaka akainamia gitaa lake, masikio yakiwaka.

Wakaanza. Besi niliisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Yule fundi alizigonga ngoma kama mtu anayejenga, kipande juu ya kipande, bila haraka. Na muuza miwani, mpole ambaye dukani humsikii mpaka uiname, akafungua kinywa ikatoka sauti kama ya watu kumi wanaolia na kushangilia kwa pamoja. Nywele zilinisimama. Huyu ndugu yangu, niliyekuwa nikimpigia kelele apunguze sauti, alikuwa amebeba kitu kikubwa hivi kifuani miaka yote! Katika safu ya mbele bibi mmoja alihesabu kwa vidole juu ya goti, saba, tena saba, midomo ikimcheza.

Dakika ya kumi na moja wote watatu wakanyamaza kwa mpigo mmoja.

Moyo ukanilipuka. Kimya hicho ni kirefu, nacho ni sehemu ya wimbo. Pale panapopendeza kuliko pote panakuja baada yake. Katika karatasi zangu zote, hilo nililisahau.

Mtu akakohoa. Mwingine akapapasa mkoba wake. Kiti kikakwaruza sakafu, kikafuata cha pili, na watu wakaanza kuinuka nusunusu, wakitazamana. Msimamizi, akidhani wimbo umekwisha, akaenda kwenye swichi awashe taa za ukumbi. Kaka alikuwa amefumba macho, vidole vimetulia juu ya nyuzi. Angesema neno moja tu, wimbo ungevunjika. Mimi nami nilibaki nikipekua karatasi zangu, nikitafuta la kuwaambia.

Binti yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akapanda juu ya kiti chake, akamtazama msimamizi, akasema kwa sauti:

"Bado hawajamaliza."