Kitabu cha Fundi Lifti

Nyuma ya kliniki moja ya meno, kwenye ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, palikuwa na chumba chenye dirisha moja ambamo mwanamke mmoja alitengeneza meno ya bandia. Wagonjwa hawakumjua. Waliijua kazi yake tu, ikiwa midomoni mwao, wakijitazama kwenye kioo cha mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mikono mitulivu, na aproni iliyokuwa nyeupe kwa vumbi la plasta na si kwa usafi. Asubuhi alimimina plasta kwenye alama za taya za watu. Mchana alipanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, na kila safu alipinda jino moja kidogo makusudi, kwa sababu meno yaliyonyooka yote humfanya mtu aonekane ameazima mdomo.

Daktari alijua juujuu kwamba fundi wake ni mwandishi pia. Hakujua kwamba ametoa riwaya tatu za kifantasia, zote kwa kujichapishia mwenyewe: falme zisizokuwepo, wachawi wenye aibu, mito inayoshitakiana mahakamani. Wasomaji wake wangeweza kujaza darasa moja la shule, kama wangekubali kubanana.

Alikuwa kwenye kundi la simu la waandishi wa aina yake, watu sitini na kitu, kila mmoja akiandika, akichapisha na kujitangaza mwenyewe. Kundini mlikuwa na adabu moja isiyoandikwa. Mtu akitoa kitabu, wenzake walimvisha kilemba cha ukoka: kazi safi, hongera sana, tunakuaminia. Waliokifungua hicho kitabu walikuwa wa kuhesabu. Haukuwa ubaya. Kila mtu alikuwa na shughuli zake, na kila mtu alitamani kusomwa kuliko kusoma.

Fundi wa meno alikwenda kinyume na wenzake kwa sababu ndogo tu. Kitabu chake cha kwanza kilikaa miezi mitano bila mtu kukisemea neno. Kisha mwalimu mmoja wa hesabu, mtu asiyemjua kabisa, akamwandikia mistari kumi na moja. Minane ilikuwa ya kukosoa. Lakini ilionekana wazi kwamba mtu yule amesoma mpaka ukurasa wa mwisho, na ni mistari ile iliyompa nguvu ya kuanza cha pili. Tangu hapo alijiwekea utaratibu: kila mwezi kitabu kimoja cha mwandishi mwenzake, akisome chote, kisha aandike pale kinapouzwa alichokiona, kizuri na kibaya. Wengi walimshukuru. Mmoja alifuta namba yake.

Mwezi ule alichagua kitabu cha mtu ambaye kundini hakuwa na jina zaidi ya kazi yake. Aliitwa Fundi Lifti. Alikuwa ameingia karibuni, hakuongea sana, na kitabu chake alikitangaza mara moja tu: "Nimeandika hiki. Kinaitwa Ngazi za Malkia Bubu. Asanteni." Alijibiwa kwa kidole gumba kimoja.

Fundi wa meno alianza kukisoma saa ya chakula cha mchana, kitabu kimeegemea kopo la nta. Kurasa thelathini za mwanzo zilikuwa nzito. Wafalme walikuwa wengi mno, na kila mmoja aliletwa pamoja na babu yake. Halafu, ukurasa wa arobaini na moja, alifika mahali malkia anapokufa, na binti yake wa kwanza anafungwa kitambaa mdomoni siku saba ili sauti ya mama iingie kooni mwake. Katika nchi ile sauti ilirithiwa. Binti alipata sauti ya mama, na ya kwake ikapotea moja kwa moja.

Fundi wa meno aliacha kutafuna. Alikuwa ameandika kitu hicho hicho kwa miaka sita. Kilikuwa kwenye kompyuta yake, nyumbani, kurasa mia nne na zaidi, zimebaki sura mbili. Ufalme mwingine, watu wengine, lakini sauti ile ile ya kurithi, binti wa kwanza yule yule, na hata kitambaa kilikuwepo, ila cha kwake kilifungwa shingoni.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, karani wa shule, mwanamke aliyezoea kumaliza mambo kabla hayajawa mambo. Jioni, wakiwa jikoni, alimweleza.

"Kuna mtu ameandika kitabu changu."

"Amekuibia?"

"Hapana. Hanijui. Na changu hakuna aliyekisoma isipokuwa wewe."

"Mimi mwenyewe sijamaliza," mdogo wake alisema, akaendelea kufuta meza. "Hicho chake wamekisoma wangapi?"

"Sijaona hata mmoja."

"Sasa tatizo liko wapi, dada? Mwezi huu soma kitabu cha mtu mwingine. Chako kikitoka, chake kitakuwa kimeshasahaulika. Humwibii, humtukani, huna ulichomfanyia."

"Nikikisifia, watu watakisoma. Halafu changu kikitoka wataniona mwizi."

"Ndiyo maana nakwambia kaa kimya. Kukaa kimya hakujawahi kumfunga mtu."

Fundi wa meno aliendelea kukisoma kitabu kile, siku tano, saa za chakula cha mchana. Angefurahi kama kingekuwa kibaya, na hilo hakujifichia. Lakini kadiri kurasa zilivyokwenda ndivyo wafalme walivyopungua, na katikati palikuwa na sura moja ambapo yule binti, amepata sauti ya mama yake, anapanda ngazi mia tisa za jumba la kifalme, na kila ghorofa anasimama, anaita jina lake mwenyewe, anasikia mama ndiye anayemwita. Fundi wa meno aliisoma mara mbili. Alikuwa ameshaandika kurasa nyingi kuhusu binti kupata sauti ya mama. Haikuwahi kumjia kwamba binti angejiita.

Mwisho wa kitabu ulikuwa wa kukurupuka, kama mtu aliyeitwa kazini. Hilo nalo aliliona.

Kwa wiki mbili hakuandika chochote. Alijifanya ana kazi nyingi, na kweli alikuwa nazo. Kisha Jumatano moja Fundi Lifti akatokea kundini: "Ndugu waandishi, naona kitabu changu hakina wenyewe. Mwisho wa mwezi nakiondoa sokoni. Nimejifunza mengi humu." Watu watatu wakamwambia asikate tamaa. Hakuna aliyemwambia amekisoma.

Siku ya pili yake fundi wa meno alifika kliniki mapema, kabla ya daktari, akaosha mikono, akaketi kwenye kiti chake cha kuzunguka na kuandika kwa simu. Alisema wafalme wa mwanzo wangeweza kupunguzwa nusu na hakuna ambaye angelia. Alisema mwisho umeharakishwa. Kisha akaeleza sura ya ngazi mia tisa, kwa nini imemshika, na akasema katika mwaka mzima wa kusoma wenzake hajakutana na sura iliyoandikwa vizuri kama ile. Akayaweka maneno hayo pale kitabu kinapouzwa, akayatuma kundini, kisha akawatumia wasomaji wake wote aliokuwa na namba zao. Baada ya hapo akawasha mashine yake ya kusagia na kulainisha meno ya bandia ya mzee mmoja mpaka saa nne, bila kuitazama simu.

Haikuwa mvua ya wasomaji. Wiki ya kwanza walijitokeza tisa, wengi wao wasomaji wa fundi wa meno. Wiki ya tatu kikundi kimoja cha wanawake wanaosoma pamoja kilikichukua, wakabishana kuhusu yule binti, na ubishi ukavuta wengine. Fundi Lifti hakukiondoa kitabu. Alimpigia simu fundi wa meno.

"Dada, nimesikia kliniki yenu iko lile jengo la vioo vya kijani," alisema. "Nalijua. Lifti yenu ni ya zamani, msiibebeshe watu sita. Mimi niko mtaa wa pili. Ukipata nafasi njoo nikushukuru ana kwa ana."

Alikwenda saa ya mapumziko, kwa sababu kuna jambo alitaka kulisema na simu haikumfaa. Alimkuta kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo la ghorofa kumi na mbili, palipokuwa na joto la mota na harufu ya grisi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alimkung'utia ndoo iliyogeuzwa, akamkaribisha kuketi. Kila mara gurudumu kubwa lilizunguka, nyaya za chuma zikakimbia, kisha kukawa kimya.

"Unaandikia humu?"

"Nikisubiri kupigiwa. Watu hudhani lifti huharibika kila saa. Kumbe kazi yetu ni kukaa."

Fundi wa meno alipiga moyo konde, akamwambia. Miaka sita, sauti ya kurithi, binti wa kwanza, kitambaa. Alimwambia pia kwamba kwa wiki mbili alikuwa ameamua kunyamaza.

Gurudumu lilizunguka, likasimama tena. Fundi Lifti alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Ulisema unakiondoa."

"Hilo tu?"

"Na sura ya ngazi. Ningekuwa naijua peke yangu. Hilo nililichukia."

Akatikisa kichwa polepole, bila kuonyesha kama anakubali au anakataa. "Nipe chako nikisome," alisema.

Alimpa, kimechapwa kwenye karatasi za ofisi ya shule ya mdogo wake. Alikaa nacho wiki tatu, na katika wiki hizo fundi wa meno hakuandika hata sentensi. Aliporudi nacho alikuja mwenyewe kliniki, akasimama mlangoni mwa chumba cha plasta kwa sababu hapakuwa na kiti cha pili. Karatasi zilikuwa na alama za vidole vya grisi ukingoni.

"Nikwambie kama ulivyoniambia?"

"Niambie."

"Kurasa mia za mwanzo nilikasirika. Kila neno niliona ni langu. Nikakuwekea alama nikuoneshe. Halafu nikaona nimeacha kuweka alama, sikumbuki lini." Alizigeuza karatasi. "Binti wangu anaipokea ile sauti. Wako anaikataa, anabaki bubu, na mdogo wake ndiye anayemsemea. Hicho mimi nisingekiweza. Sina dada. Lakini huku katikati, unapoeleza sauti inavyosafiri, inapita mshipa gani, inakaa kifuani siku ngapi, hapo umenipoteza. Mimi ni mtu wa mitambo, na hata mimi nilisinzia."

"Hizo ni kurasa arobaini."

"Arobaini na tatu."

Fundi wa meno alimshukuru, akafunga mlango, na kwa siku nne alimchukia kwa dhati. Kurasa zile ndizo alizozifanyia kazi kuliko zote. Alikuwa ameazima kitabu cha daktari ili ajue koo limekaaje. Siku ya tano alizisoma tena akiwa na penseli, akaona kwamba mdogo mtu na dada yake, wale aliosifiwa kwa ajili yao, hawaonekani humo hata mara moja. Alizitoa zote. Akafunga kibwebwe, akamaliza sura mbili zilizobaki, na kitambaa cha shingoni akakibakiza, kwa sababu kilikuwa chake.

Kitabu kilitoka baada ya miezi minane. Mtu wa kwanza kukiandikia alikuwa Fundi Lifti. Alikisifu kwa maneno machache na kulalamika kwamba jalada lina maua mengi. Wiki hiyo hiyo mwandishi mmoja kundini aliuliza, kwa upole wa aina ile inayouma, kama si ajabu kwamba dada yetu alikisifia sana kitabu cha mwenzake na sasa ana cha kwake kinachofanana nacho. Vidole gumba vikaanza kumiminika chini ya swali lile.

Fundi Lifti alijibu kabla ya fundi wa meno. Alisema aliuona muswada wa mwenzake ukiwa na kurasa mia nne, wakati kitabu chake kikiwa na miezi mitatu tu sokoni, na kwamba mtu anayeweza kuandika kurasa mia nne kwa miezi mitatu huku akitengeneza meno ya watu anastahili kuibiwa yeye. Wengine walicheka. Wengine hawakuamini, na wapo ambao hawaamini mpaka leo. Wasomaji kadhaa wa fundi wa meno walimhama. Alilitarajia hilo, na lilimuuma hivyo hivyo.

Mdogo wake alisoma vitabu vyote viwili wakati wa likizo ya shule, tena mpaka mwisho, jambo lililomshangaza kila mtu. Dada yake alimuuliza kipi kimempendeza zaidi.

"Cha Fundi Lifti," alisema bila kupepesa macho. "Ila chako kimenikasirisha zaidi. Yule mdogo mtu anasemea watu kutwa nzima, na hakuna anayemuuliza kama amechoka."

Fundi wa meno akaenda kuchukua kalamu.