Mikoko Iliyohamia Mkange

Wallahi, kisa hiki ni kweli tupu, hakina chumvi hata ya kuonja. Nikikutwa na uongo, jogoo wangu wa madoa achinjwe.

Mwaka sabini na nne mvua ilituhini, tone halikuanguka. Ndipo akaingia Mkange mpimaji mmoja, Husseni, na gari, kamba, vigingi vinne na daftari. Akazungushia kamba kipande cha pori, akahesabu visiki, akahesabu hata mavi ya mbuzi.

Mwinyimvua, mchoma mkaa, alimchungulia kichakani. Mtu na akili zake ahesabu mavi bure? Hapana. Huyu katumwa. Visiki vikizidi, pori litafungwa, naye kazi nyingine haijui.

"Shikamoo, mzee," Husseni alimwahi.

"Marahaba. Umepoteza nini humu?"

"Napima tu, watu wamelitafuna pori kiasi gani."

"Watafunaji ni mbuzi."

"Na visiki hivi? Mbuzi wana mashoka?"

Kesho yake Mwinyimvua alipanda baiskeli hadi Saadani, maana majani mabichi mwaka ule yalibaki kwenye mikoko tu. Akarudi na mzigo wa matawi, akachomeka moja katika kila kisiki. Pori likawa kijani hata mbuzi wakaduwaa.

Husseni aliporudi alichuma jani, akalilamba.

"Mzee, huu ni mkoko. Makao yake maji ya chumvi. Umefikaje huku?"

"Umehamia. Si tumeamriwa sote kuhamia vijijini? Nao umetii."

Husseni hakucheka. Aling'oa tawi, akamwonyesha machipukizi ya kisiki chenyewe, yamevunjika vipande.

"Haya ndiyo niliyorudi kuyahesabu. Yangeonyesha pori linaota tena, yangekutetea."

Akaondoka kwenda kuandika ripoti. Lakini gari likazama matopeni, daftari likaloa, wino ukafutika, na pori halikufungwa ng'o!

"Hebu ngoja," alidakia Kibibi, mkewe Mwinyimvua, aliyekuwa akinisikiliza huku akipepeta mchele. "Tone halikuanguka, wasema. Matope umeyatoa wapi?"

Nikajikohoza.

"Pori lilifungwa miaka mitatu, mume wangu akalima mihogo hadi viganja vikachubuka. Lete jogoo!"

Nimempeleka mwenyewe, nimemshika miguu. Mwinyimvua kala mapaja yote mawili. Mimi nikaachiwa shingo.