Zamu za Mchangani

Zadock alikuwa mlinzi katika jangwa la wazi nje kidogo ya Dubai, ambako watu huenda kupumzika wikendi. Asubuhi hiyo madereva wa pikipiki za magurudumu manne walipita karibu mno na kundi la watembeao kwa miguu, wakawarushia mchanga. Mama mmoja akasimama katikati ya njia, akakataa kuondoka.

"Sisi tumefuata utulivu," alimwambia Zadock.

"Jangwa ni la wote," dereva mmoja alijibu. "Yalla, haya, mwambie apishe!"

Maneno hayo yalimrudisha Zadock kimawazo kwao Kakamega, kwenye chemchemi ya kando ya msitu. Wachungaji walikuwa wakiitibua kabla akina mama hawajateka maji, mpaka mama yake, Lois, alipowakalisha wote chini wakapatana: alfajiri ndoo, jua likipanda ng'ombe. Akakumbuka ubaridi wa maji yale miguuni.

"Mpaka saa tatu njia ni ya waendao kwa miguu," akawaambia madereva. "Baada ya hapo ni yenu. Nitamwomba bosi aweke kibao."

Dereva alinung'unika, kisha akazima injini. "Khalas, basi, leo tutangoja."

Watembeaji wakatokomea nyuma ya matuta. Dereva akaketi kivulini kando ya Zadock, akamuuliza kwao ni wapi. Zadock akaanza kumsimulia mvua za alasiri na mbega wanaoruka mitini, na saa tatu ikapita bila yeyote kati yao kuinuka.