Wapelelezi Wasio na Anwani

Zuhura alikilaza kijitabu juu ya meza ya Gaudensi, kimelowa jasho la safari. Akamwamkia kwa adabu, kisha akasema, "Naomba unionyeshe wanakokaa hawa wapelelezi wa mizimu."

Gaudensi alitaka kucheka. Tangu mwaka 1990, kwa miaka minane, alikuwa akiandika chumbani kwake mtaani Chuno visa vya Kombo na Raheli, wapelelezi waliofukuzana na mizuka kutoka Mikindani hadi Ruvuma. Visa hivyo viliuzwa sokoni kama karanga.

"Hawapo, binti yangu. Nimewabuni."

"Na huyu je?" Kidole kikatua kwenye ukurasa wa mwisho. "Bibi wa Kilambo, mwenye jicho moja, anayefuga mizuka chunguni? Huyu ni mama yangu, Bi Tatu. Tangu kitabu kifike kijijini, hapewi moto wala haitikiwi salamu. Sasa wanataka ahame. Nilidhani wapelelezi wakija, watasema walikosea nyumba."

Gaudensi akausoma tena ukurasa ule. Mwaka juzi, akisubiri mtumbwi wa kuvukia Ruvuma, homa ilimwangusha mlangoni pa mwanamke yule, naye akamnywesha uji siku mbili. Jicho lake Gaudensi alilichukua akalitia hadithini. Uji wake hakuuandika. Siku zote aliamini hadithi ni moshi, hupanda ukapotea. Kumbe moshi nao huingia machoni mwa watu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alisimama uani kwa Bi Tatu mbele ya majirani. "Nilitunga," alisema. "Bibi huyu hakunitendea ila wema."

Mzee Selemani, mjumbe wa kijiji, akatikisa kichwa. "Kitabu kimepigwa chapa, bwana. Wewe unasema kwa mdomo tu."



Bi Tatu akatoka jikoni na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Akamtazama Gaudensi.

"Ile homa ilikwisha?"

"Ilikwisha, mama."

"Basi kula."

Tangu kitabu kifike, hakuna jirani aliyekuwa ameonja chakula cha nyumba ile. Gaudensi akaketi mkekani, akamega, akatafuna taratibu, macho yote yakiwa kooni mwake. Akameza. Akamega tena. Wawili watatu wakageuka wakaenda zao. Selemani akabaki na mikono yake nyuma.

Jirani wa nyumba ya pili, Hawa, akasogea polepole. Akavua kandambili ukingoni mwa mkeka, akasimama pale, miguu mitupu, macho kwenye sahani, bila kuketi.